Kabla ya Kuosha Injini Usiyoijua

Kwenye fremu ya mlango wa dereva wa Toyota IST niliyoinunua mkononi pale Sinza kulikuwa na kibandiko kidogo cha Kijapani, kimepauka, pembe moja imebanduka. Herufi zake sikuzijua, lakini tarakimu zilisomeka: 24.11.8, na chini yake 112,400. Dashibodi ilikuwa ikionyesha kilomita 98,000.

Muuzaji aliponiona nimeinama pale mlangoni akasema, "Hiyo stika tu ya Japani, dada, haina maana." Ina maana kubwa. Ni kibandiko ambacho watu wa sevisi kule hubandika wanapobadilisha oili: tarehe na kilomita. Mwaka mara nyingi huandikwa kwa hesabu ya enzi za wafalme wao, kwa hiyo 24 hapo ni mwaka wa 24 wa enzi ya Heisei. Ongeza 1988 unapata 2012. Kwa vibandiko vya kuanzia Mei 2019, enzi ya Reiwa, unaongeza 2018. Vingine huandika kilomita za sevisi inayofuata badala ya iliyofanyika, lakini tofauti hapo huwa elfu tano hivi, si elfu kumi na nne. Basi mwaka 2012 gari lile lilikuwa limeshapita kilomita laki moja, na miaka mingi baadaye, Dar es Salaam, likawa halijazifikisha. Lilikuwa linarudi utotoni.

Nililichukua hata hivyo, kwa bei niliyoishusha kwa nguvu ya kibandiko hicho. Wengi wetu tunaendesha magari ya namna hii, ambayo maisha yake ya nyuma hatuyajui. Kenya huzuia magari yaliyozidi miaka 8. Kwetu Tanzania gari la miaka 15 au 20 linaingia, mradi ulipie ushuru wa uchakavu. Likishaingia linapita kwa mtu wa kwanza, kwa shemeji yake, kwa dereva wa teksi mtandao, ndipo linakufikia wewe. Ukaguzi wa lazima wa Japani, unaofanyika kila baada ya miaka 2 gari likishatimiza miaka 3, huangalia breki, taa, moshi na mengine ya usalama. Haumuulizi mtu alimwaga oili lini. Kitabu cha sevisi kimebaki huko au kimetupwa. Unabaki wewe na injini, na fundi anayekuambia, "Dada, hii injini chafu, tuioshe."

Neno hilo "tuioshe" liliwahi kuniulia gari.

Kabla ya IST nilikuwa na Harrier ya zamani, ile yenye injini ya 2.2, 5S-FE. Fundi alifungua mfuniko wa kujazia oili, akanionyesha utando mweusi ulioganda ndani kama lami, akapendekeza dizeli. Unamwaga oili yote, unajaza lita mbili za dizeli pamoja na oili ya bei nafuu, unaiacha injini ingurume dakika kumi, unamwaga tena, unajaza oili mpya. Ilitoka nyeusi tii. Sote tukafurahi, mimi nikaongeza na hela ya soda. Siku ya tatu, kwenye foleni ya Ubungo, taa nyekundu ya oili ikawaka. Nikajiambia ni sensa. Nilipofika Kimara injini ilikuwa ikigonga kama mtu anayepigapiga ndoo ya bati kwa nyundo. Nikachomoa kijiti cha kupimia: oili imejaa hadi alama ya juu.

Sampo ilipofunguliwa ndipo nikaelewa. Ndani ya sampo kuna kikombe chenye wavu, streina, ambacho pampu ya oili hunyonyea. Wavu ule ulikuwa umezibwa na vipande vyeusi kama magamba, mfano wa ukoko wa wali uliokwanguliwa sufuriani. Dizeli haikuwa imeuyeyusha ule ukoko; ilikuwa imeubandua tu. Ulipobanduka ukashuka na oili, na kitu cha kwanza ulichokutana nacho ni wavu wa pampu. Oili ilikuwepo, ila imekaa chini, huku juu kumekauka. Biaringi za konrodi hazigusani na krenki injini inapofanya kazi. Zinaelea juu ya oili yenye presha. Presha ikikatika ni chuma kwa chuma, na kazi hiyo haihitaji siku nyingi.

Baadaye nikaja kujua kwamba injini ile, pamoja na ndugu yake mkubwa 1MZ-FE, V6 ya lita 3.0 iliyowekwa pia kwenye Harrier za kwanza, zina historia. Mwaka 2002, huko Marekani, Toyota ilitangaza kwamba itabeba gharama za matengenezo yanayotokana na tope la oili kwa magari yapata milioni 3.3 yaliyotumia injini za familia hizo, ya miaka ya 1997 hadi 2002. Mimi gharama yangu niliibeba mwenyewe.

Kwa hiyo mtu akiniuliza siku hizi aoshe injini kwa kitu gani, ninamrudisha nyuma hatua moja: kwanza ameona nini humo ndani? Maana uchafu wa injini si wa aina moja, na dawa ya mmoja ni sumu ya mwingine. Kuna tope la oili, lile zito jeusi linalokaa chini ya kava ya tapeti na kwenye sampo. Hilo huzaliwa oili ikichoka, ikachanganyika na mvuke wa maji, mabaki ya petroli na masizi yanayopenya pembeni mwa pistoni. Kuna utando wa kahawia unaong'aa kama vanishi. Huo ni dalili tu ya oili iliyochelewa kumwagwa, hauui mtu. Kuna ukoko wa kaboni juu ya pistoni na ndani ya vijia vya ringi, unaofanya gari lile oili. Na kuna masizi yanayojijenga kwenye valvu za kuingizia hewa, ambayo oili ya injini haiyafikii kabisa hata uibadilishe kila Jumamosi.

Kuangalia hakugharimu kitu. Fungua mfuniko wa kujazia oili injini ikiwa imepoa, umulike kwa tochi ya simu. Ukiona chuma, hata kikiwa cha rangi ya asali iliyoungua, shukuru. Ukiona kitu unachoweza kukikwangua kwa kucha kikatoka na unene, hapo pana kazi. Ukikuta povu la rangi ya chai ya maziwa kwenye mfuniko usikimbilie kusema gasketi ya silinda hedi imekwisha. Gari linalokwenda safari fupifupi tu, dukani na kurudi, halipati joto la kukausha maji yake na hufanya povu hilo. Angalia maji ya rejeta: yakipungua siku hadi siku, au yakiwa na mafuta juu yake, ndipo uanze kuwaza gasketi.

Zipo siku hizi kamera ndogo za waya zinazochomekwa kwenye simu, nyembamba kuliko kidole. Nilinunua moja Kariakoo na ninaiona ndiyo zana bora niliyowahi kununua kwa ajili ya gari. Unaipitisha kwenye tundu la kujazia oili unaona pembe ambazo tochi haifiki. Unatoa plagi unaipitisha pale unaona kichwa cha pistoni. Kwenye IST yangu silinda tatu zilikuwa na vumbi jepesi la kijivu, ya nne ilikuwa na ukoko mweusi wenye unyevunyevu pembezoni. Unyevu ule ni oili inayopanda.

Ukienda kununua, fika asubuhi na umwombe mwenye gari asiliwashe kabla yako. Weka kiganja kwenye boneti: ikiwa ya moto, ameshaliwasha kukuficha jambo. Moshi wa buluu unaotoka mara ya kwanza kisha ukaisha mara nyingi ni wa sili za valvu. Unaoendelea kutoka kila unapokanyaga mafuta ni wa ringi. Mlio wa kukwaruza wa sekunde mbili tatu mara injini inapowaka, kwa injini za mnyororo wa taimingi kama za IST, unakwambia oili inachelewa kufika kwenye kikaza mnyororo, au mnyororo wenyewe umelegea. Na uangalie oili iliyomo. Muuzaji mjanja huijaza 20W-50 kwenye injini iliyotakiwa 5W-30, moshi ukapungua na mlio ukatulia kwa wiki mbili, wiki zinazomtosha yeye.

Kwa IST sikufuata tena dizeli. Mzee mmoja wa gereji ya Ilala, aliyefanya kazi hiyo tangu enzi za Peugeot 504, alinisikiliza kisa cha Harrier hadi mwisho, akasema, "Mwanangu, uchafu umechukua miaka kuingia, wewe unataka utoke kwa dakika kumi." Kisha akanipa utaratibu ambao nimeukuta pia kwa watu wanaoandika mambo ya injini kwa makini, kwa maneno tofauti. Oili yenyewe ndiyo sabuni. Ndani ya kila oili ya injini iliyo halali kuna viungo vya kusafisha na viungo vya kuuelesha uchafu usitue, upelekwe kwenye filta. Kinachohitajika ni kuipa nafasi, na kuimwaga kabla haijashiba.

Siku ya kwanza unamwaga ile usiyoijua, unatoa filta, unajaza oili mpya ya uzito uliotajwa kwenye kitabu cha gari. Kwa 1NZ-FE ya IST ni lita 3.7 pamoja na filta, yaani galoni ya lita 4 inabakiza kidogo cha kuongezea. Kisha unaendesha kilomita 500 tu. Unamwaga, filta mpya. Halafu 1,000. Halafu 2,000. Halafu 3,000. Ikiwa kila mara kinachotoka ni chepesi kuliko cha kabla yake, unahamia 5,000 na unabaki hapo. Watu wanashtuka: galoni nne au tano ndani ya miezi michache! Piga hesabu ya galoni tano na filta tano, kisha nenda Shauri Moyo ukaulize bei ya injini iliyotoka kontena, ambayo nayo hujui ilikotoka.

Kwenye utaratibu huo hakuna ulazima wa oili ya bei kubwa kuliko zote, kwa kuwa unaimwaga mapema. Ninachokazania ni alama mbili. Uzito, 5W-30 au ule unaotajwa na kitabu. Na daraja la API nyuma ya galoni: SP ni ya kuanzia 2020, SN iliitangulia, zote zinatosha sana kwa gari la 2005. Galoni iliyoandikwa SF au SG ni ya teknolojia ya miaka ya 1980, hata kama ina picha ya gari la mashindano. Ununue kwa mtu atakayekuandikia risiti, na uangalie kizibo na muhuri wake wa ndani. Oili feki zipo, na galoni tupu hukusanywa zikajazwa tena. Mimi huitoboa galoni yangu kabla ya kuitupa.

Filta ya zamani usiitupe haraka. Mwambie fundi aikate kwa msumeno wa chuma pembezoni, au ununue kisu chake maalumu, kisha uikunjue karatasi ya ndani juu ya gazeti. Karatasi ya filta ya kwanza ya IST ilikuwa imejaa punje nyeusi kama za pilipili manga iliyosagwa vibaya. Nilizisugua kwa vidole, zikapondeka: kaboni. Zingekuwa zinang'aa na hazipondeki, ningepitisha sumaku. Vinavyonaswa ni chuma, na vyenye rangi ya shaba au fedha visivyonaswa mara nyingi ni biaringi. Ukifika hapo acha habari za kusafisha, unazungumzia kushusha injini. Filta ya pili ilikuwa na punje chache zaidi. Ya tatu ilikuwa karibu safi. Karatasi hizo tatu nimezihifadhi kwenye mfuko wa nailoni, jambo ambalo mume wangu analiona ni wazimu.

Oili kuwa nyeusi yenyewe si kosa. Oili inayosafisha lazima ichafuke. Inayotisha ni ile inayokaa ng'aring'ari kilomita 4,000 kwenye injini ambayo ndani umeona lami. Hiyo ama haisafishi chochote, ama si oili.

Wakati wote huo unapima kijiti kila unapojaza mafuta. Injini inayosafishwa hubadilika tabia: sili za mpira zilizokuwa zimefunikwa na tope zinaweza kuanza kuvuja. Mafundi husema "umeiosha ndiyo maana inavuja". Mpira ule ulishakauka siku nyingi, tope ndilo lililokuwa limejifanya gasketi. Gasketi ya kava ya tapeti si ghali, ibadilishwe, na ukiwa umeifungua kava hiyo pata nafasi ya kulikwangua kwa mkono tope la juu, kwa kijiko cha mbao na vitambaa, ukiwa umeyaziba matundu ya kurudishia oili lisidondokee chini. Saa moja ya kazi hiyo ni bora kuliko makopo matatu ya dawa.

Ikiwa umeona tope nene tangu mwanzo, au taa ya oili inakonyeza injini ikiwa ya moto na gari limesimama, usianze na kilomita 500 wala 50. Shusha sampo kwanza. Injini nyingi za Toyota zina sampo ya chini ya bati inayotoka bila kushusha injini. Osha sampo, osha streina, rudisha. Angalizo langu hapa ni moja na ninalitoa kwa sauti ya juu: silikoni. Sampo hizo hazina gasketi ya karatasi, hufungwa kwa silikoni, na fundi mwenye huruma huipaka nyingi "isivuje". Inayozidi hujikunja kwa ndani, hukauka, hukatika kama tambi, na tambi hizo huenda moja kwa moja kwenye wavu uliotoka kuuosha. Uzi mwembamba wa milimita chache unatosha. Simama pale uone anavyopaka.

Baada ya hapo pima presha ya oili kwa geji ya mkono, inayofungwa kwenye tundu la sensa. Taa ya dashibodi huwaka presha ikiwa imeshashuka karibu na sifuri. Geji inakwambia mapema. Mafundi wana kanuni ya psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika, injini ikiwa ya moto. Ni kipimo cha jicho tu, kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho, lakini kwa mtu aliyesimama gereji kinasaidia.

Kuna vidude viwili ambavyo wengi huvisahau. Kimoja ni valvu ya PCV, inayovuta mvuke wa ndani ya injini ili ukachomwe. Ikiziba, mvuke unabaki, na tope linaanza upya siku hiyohiyo. Itoe, uitikise sikioni: ile nzima hulia kitikiti. Isiyolia, nunua nyingine. Cha pili, kwa injini za VVT-i, ni wavu mdogo kama wa chujio la chai uliofichwa nyuma ya bolti kwenye silinda hedi, kabla ya valvu inayopeleka oili kwenye gia ya taimingi. Kwenye IST yangu ulikuwa umejaa. Injini ilikuwa ikitetemeka kwenye taa za barabarani na kompyuta ikitoa namba ya hitilafu P1349, na fundi wa umeme alishanishauri ninunue valvu nzima. Nikauosha wavu kwa brashi ya meno na petroli. Namba ile haijarudi.

Sasa makopo. Kopo la kuoshea injini, lile unalomimina kwenye oili ya zamani dakika kumi au kumi na tano kabla ya kuimwaga, nalitumia? Kwa injini ambayo nimeona ndani yake ina vanishi tu, na kwa kufuata maelekezo ya kopo, sina ugomvi nalo. Usiliendeshe gari wakati huo, liungurume tu pale liliposimama. Kwa injini yenye magamba, hapana. Ni dizeli ile ile iliyovaa suti. Dizeli na mafuta ya taa vina tatizo jingine: havitoki vyote. Hubaki kwenye vikona vya injini, ukajaza oili yako mpya ikawa imeshapunguzwa uzito kabla hujatoka getini. Najua wapo waliofanya hivyo mara kumi na magari yao yanatembea. Hao walikuwa na injini safi kuliko walivyodhani.

Gari linalokula oili ni shauri refu kidogo. Pima kwanza linakula kiasi gani: jaza hadi alama ya juu, andika kilomita, angalia baada ya 1,000. Vitabu vya watengenezaji wengi huvumilia hadi lita moja kwa kilomita 1,000, uvumilivu ambao binafsi naona ni wa kujitetea wao. Ukipima mgandamizo wa silinda ukakuta namba nzuri na zinazokaribiana, ndani ya psi 15 hivi, usishangae kwamba bado linakula. Pistoni ina ringi mbili za juu za kuzuia mgandamizo na ya tatu ya kukwangua oili ukutani. Hiyo ya tatu ndiyo hukwama kwenye ukoko, na geji ya mgandamizo haiioni. Injini ya 2AZ-FE ya 2.4, iliyomo kwenye Harrier na RAV4 za katikati ya miaka ya 2000, ina sifa mbaya katika jambo hilo.

Ringi iliyokwama huweza kulegea kwa kulowekwa. Unatoa plagi zote, unamimina kiyeyusha kaboni kidogo kila silinda, unaacha usiku kucha, unaongeza kinapopungua. Kesho yake, na hapa ndipo watu huvunja injini, lazima kilichobaki kitoke kabla plagi hazijarudi. Kimiminika hakigandamizwi, ukipiga staata silinda ikiwa na kikombe cha maji ya aina yoyote, konrodi inapinda. Toa fyuzi ya pampu ya mafuta, funika matundu kwa tambara, zungusha kwa staata mpaka yakauke, ndipo urudishe plagi na umwage oili, maana sehemu ya dawa imeshukia humo. Fanya nje, moshi wake unafukuza jirani. Silinda yangu ya nne ilikunywa dawa ile siku mbili. Kabla yake gari lilikuwa linakula nusu lita kwa kilomita 1,000. Sasa ni kama robo. Halijapona, limepungua. Anayekuahidi zaidi ya hapo bila kufungua injini anauza kopo.

Wenye D4 mnisamehe, habari zenu ni tofauti. Kwenye injini za kawaida petroli hupigwa nyuma ya valvu, ikawa inaziosha inapopita. Kwenye D4, kama 1AZ-FSE ya Noah na Premio, nozeli hupiga ndani ya silinda moja kwa moja, kwa hiyo valvu ya kuingizia hewa haioni petroli maisha yake yote. Inaona mvuke wa oili na masizi. Dawa ya kwenye tangi, hata ile nzuri yenye polietheramini, ambayo kwenye lebo huandikwa PEA, itasafisha nozeli na kichwa cha pistoni lakini valvu hizo haitazigusa. Inabidi kutoa manifoldi na kukwangua kwa mkono, silinda moja baada ya nyingine, valvu zake zikiwa zimefungwa. Kwa injini za kawaida PEA ina kazi yake: tangi moja, halafu oili ibadilishwe karibu na hapo. Ila yule anayepuliza maji kwenye bomba la hewa injini ikiwaka, "mvuke unasafisha", mpishe mbali. Akizidisha kidogo, mtarudi kwenye habari ya konrodi.

Na foleni iingie kwenye hesabu. Tuseme kasi yako ya wastani kutoka Kimara hadi Posta ni kilomita 15 kwa saa. Kilomita 5,000 kwa mwendo huo ni saa 333 za injini kuunguruma. Mtu wa njia ya Dodoma anayekwenda 80 anazimaliza kwa saa 62. Dashibodi inawaona sawa, oili haiwaoni sawa. Ndiyo maana wa mjini nawaambia 5,000 iwe mwisho, hata galoni ikiwa imeandikwa 10,000.

Oili chafu siimwagi mtaroni, mzee wa Ilala alinikataza tangu siku ya kwanza, na kwa kweli haina haja. Jirani na gereji yake kuna seremala anayeichukua kupaka nguzo za mbao zisiliwe na mchwa. Ya kwanza ya IST aliipokea kwa shangwe, akaipima uzito wake kwa kijiti. Juzi nilipompelekea ya tano aliimimina kidogo kwenye ubao, akainama kuitazama, akanirudishia dumu. "Hii nyepesi, dada," akasema. "Haishiki. Huna ya lile gari jingine?"